Siku ya Tano

Katikati ya miaka ya tisini, ukisema unafanya kazi Mbaraki watu wa Mombasa walidhani uko kwenye magodauni ya chai au uko gatini. Mimi nilijibu kwamba nafanya kazi ya samaki, nao wakaniuliza changu ni pesa ngapi siku hizi. Nikiwaambia samaki wetu hawaliwi, mazungumzo yaliishia hapo, au yalianza upya kwa kicheko. Mamangu, mtu wa Majengo, aliwaambia majirani kwamba bintiye ni nesi wa samaki. Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyeieleza kazi yangu vizuri zaidi yake.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya ukuta mrefu, si mbali na ule mnara wa mawe ya matumbawe ulioinama kidogo, kando ya msikiti, ambako watu walikuwa wakipeleka ubani na marashi. Ndani kulikuwa na paa la mabati, mabomba yaliyopita kila upande, na safu za matangi: ya vioo kwa samaki wadogo, ya saruji kwa wakubwa. Samaki wa mapambo waliletwa jioni na wapiga mbizi wa Shimoni, Msambweni, Kanamai na Kilifi, wakikaa kwetu siku chache, kisha wakitiwa kwenye mifuko ya nailoni yenye maji na oksijeni na kupelekwa uwanja wa ndege. Walikwenda Uingereza, Ujerumani, Marekani. Msimu mzuri ulikuwa wa kaskazi, bahari ikitulia na maji yakiwa maangavu. Kusi ikishika, wapiga mbizi hawaoni mbele, na sisi tulifagia matangi matupu.

Aliyependwa kuliko wote huko ng'ambo alikuwa kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni. Wa pili alikuwa kitatange ambaye utotoni ana duara nyeupe juu ya buluu iliyokoza, na akikua anageuka mistari ya manjano hata humdhanii ni yule yule. Halafu wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao baada ya ile filamu ya mwaka wa 2003 kila mtoto duniani alitaka mmoja sebuleni kwao. Hawa wote walikuwa wagonjwa wangu.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Mji wa Kale. Tulimwita Ami, na hata tajiri wetu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimwita hivyo. Ami hakusomea samaki popote. Alikuwa na darubini kuukuu ya shule, rundo la karatasi za fotokopi alizoletewa na wanunuzi, na daftari. Kila asubuhi alifika kabla ya stima kuwashwa, akavuta kiti mbele ya tangi, akakaa. Mtu mgeni angedhani anasubiri chai.

Siku za mwanzo nilimkuta hivyo nikataka kuwatupia samaki chakula, akanizuia kwa mkono.

"Ngoja, mwanangu. Wakishala, wote huwa wazima. Mwangalie akiwa na njaa na hajakuona."

Nilichofundishwa kwanza hakikuwa jina la ugonjwa hata mmoja. Nilifundishwa kuhesabu pumzi. Alinipa saa yake ya mkono na kuniambia nitazame kifuniko cha shavu la samaki kinavyofunguka na kufunga kwa dakika nzima, samaki huyu, yule, mwingine, mpaka nijue kiasi cha kila aina akiwa ametulia. Ilinichosha. Baadaye niliona kwamba karibu kila kitu kibaya kinachompata samaki wa baharini hupitia kwenye mashavu kwanza: kimelea, amonia, maji yenye upungufu wa hewa, ute uliozidi. Ngozi huchelewa kusema. Samaki anayepumua mbio, au anayetumia shavu moja huku jingine amelifunga, au anayejiegesha mbele ya mdomo wa bomba ambako maji yana hewa zaidi, huyo ni mgonjwa hata kama rangi zake zingali za harusi.

Halafu zilifuata dalili ndogondogo. Mapezi yaliyobanwa mwilini. Samaki anayejisugua kwenye bomba na kugeuka ghafla ubavu ukimetameta. Jicho lenye ukungu. Anayeukimbia mwanga. Kitatange aliyekonda juu ya macho, pale nyuma ya kichwa, hata kama tumbo bado limejaa maji. Na rangi: samaki wengi hubadilika wakilala usiku, kwa hivyo aliyefifia alfajiri huenda hana neno, ila aliyefifia saa nne asubuhi ana neno.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa London, na kwa miaka mingi alituandikia kwa faksi. Mashine ilikuwa ofisini kwa tajiri. Kila baada ya mzigo kufika, ilitema karatasi yenye orodha ya waliokufa: aina, idadi, na pesa za kukatwa. Tajiri alisoma safu ya pesa. Ami aliomba nakala akasoma safu ambayo mwenzake hakuijali, ya tarehe. Alizibandika faksi hizo katika daftari, na kando ya kila aina akaandika samaki amekufa siku ya ngapi tangu atoke mikononi mwetu.

Kutokana na zile karatasi aliweza kusema kosa lilikuwa wapi, na sijaona daktari wa watu aliyenishangaza zaidi. Waliofika wamekufa ndani ya mifuko walikuwa shauri la kufungasha: samaki hakunyimwa chakula kabla ya safari, akachafua maji yake mwenyewe, au mfuko ulikuwa mdogo, au ndege ilichelewa. Waliokufa siku ya kwanza au ya pili walikuwa wamechomwa na amonia, au walitolewa kwenye kina kwa pupa. Lakini kundi kubwa halikuwa hilo. Lilikuwa la waliofika wazima, wakala, wakasifiwa, kisha wakafa siku ya tano, ya sita, ya saba.

"Hawa," Ami alisema akigonga karatasi kwa kidole, "walitoka hapa na mauti yao ngozini, nasi tukawaandikia karatasi ya afya."

Ili kumwelewa ilibidi niujue ugonjwa wa madoa meupe. Mdudu wake ni mdogo mno, kimelea cha seli moja. Huingia chini ya ngozi na ndani ya mashavu, akila huko kwa siku tatu hadi saba. Anaponenepa ndipo doa huonekana, la ukubwa wa chembe ya chumvi. Kisha madoa hutoweka. Mtu asiyejua hushangilia: samaki amepona! Kumbe mdudu ameshiba, ameshuka chini, amejifunga katika kifuko kigumu sakafuni, na humo anagawanyika kuwa mamia. Kifuko huweza kupasuka baada ya siku tatu, au baada ya wiki nne, na mara nyingine zaidi ya hapo. Watoto wakitoka wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo wanakufa. Baharini wengi hawampati. Ndani ya tangi hakuna anayekosa.

Jina la kitaalamu la mdudu huyo lilitolewa mwaka wa 1951 na mtafiti E. M. Brown, aliyemkuta kwa samaki wa nyumba ya akwaria ya bustani ya wanyama ya London. Mtafiti huyo huyo ndiye aliyemweleza, miaka 20 kabla, yule wa pili ambaye tulimwogopa zaidi, wa vumbi la dhahabu. Ami aliposoma hayo katika fotokopi zake alicheka sana. Magonjwa yalikuwa ya bahari zenye joto, samaki walikuwa wa bahari zenye joto, lakini ilibidi wafungiwe pamoja ndani ya kioo huko kwenye baridi ndipo ugonjwa ukapata nguvu ya kutosha kupewa jina.

Huyo wa vumbi la dhahabu hakungoja siku ya tano. Samaki jioni hana kitu, asubuhi anapumua mbio karibu na uso wa maji, na jioni ya pili amekwisha. Vumbi lenyewe huonekana tu ukimulika kwa tochi kutoka ubavuni, chumba kikiwa giza, na mara nyingi mashavu huharibika kabla ngozi haijaonyesha lolote. Hapo ndipo nikafahamu kwa nini nilihesabishwa pumzi.

Dawa ya wote wawili ilikuwa shaba, nayo tuliipata kwa mrututu. Mombasa mrututu haukuwa mgeni. Wazee waliujua kwa vidonda, na wakulima wa kahawa huko bara waliujua kwa mashamba. Robert Dempster wa akwaria ya Steinhart, San Francisco, aliandika mwaka wa 1955 jinsi unavyomuua kimelea cha vumbi la dhahabu. Mpiga mbizi mmoja alituletea kifurushi kutoka duka la dawa za kienyeji, vipande vya buluu vizuri vya kupendeza, na Ami akakikataa. Alitaka ule wa maabara, safi, kwa sababu hesabu yake ilikuwa finyu. Robo moja ya uzito wa mrututu ndiyo shaba. Maji yanataka miligramu 0.15 hadi 0.2 za shaba kwa lita. Chini ya hapo mdudu anaishi, na ukipita sana samaki mwenyewe anaungua mashavu. Kwa tangi la lita 1,000 hiyo ni kama gramu 0.8 tu za mrututu, kitu kidogo cha kukaa kwenye ncha ya kisu. Tuliyeyusha gramu 8 katika lita moja ya maji yaliyochujwa, tukatia mililita 100 kwa tangi hilo, nusu leo nusu kesho, tukapima kwa kichupa cha rangi asubuhi na jioni, wiki mbili hadi tatu. Shaba humkamata mdudu anapoogelea tu. Aliye ngozini haimfikii, aliye katika kifuko haimfikii. Kwa hivyo ukiitoa mapema umefanya kazi ya bure.

Na hapa kisiwa chenyewe kilitupiga vita. Mombasa imekaa juu ya matumbawe: kuta zetu ni matumbawe, kokoto ni matumbawe, mchanga ni matumbawe yaliyosagika. Watu wa mwanzo waliojenga uwanja ule walitandika kokoto za pwani ndani ya matangi ili yapendeze. Shaba ikikutana na chokaa hushikamana nayo ikatoweka majini. Tulitia, tukapima, hakuna kitu. Tukatia tena, hakuna kitu. Ami aliamuru kokoto zote zitolewe na matangi ya wagonjwa yabaki matupu, na mabomba ya plastiki yaliyokatwa vipande yawe ndiyo mapango yao. Wageni waliokuja kutazama walisema pamekuwa pabaya. Kamba na konokono walihamishiwa upande wa pili wa uwanja, na ndoo zao zikapakwa rangi nyekundu, maana shaba inayomtibu kangaja inamuua kamba, na hata ndoo iliyosuuzwa vibaya inatosha.

Wale wadogo wa chungwa walikuwa na maradhi yao. Walianza kwa kutoa ute mweupe, ngozi ikaonekana kubanduka, wakalala ubavu, na ndani ya siku moja au mbili tangi lote limetupwa. Tajiri alisema tieni shaba. Tulitia, na wakaendelea kufa. Ami alikwangua ute wa mmoja kwa ukingo wa kioo, akaweka chini ya darubini, akaniita. Nikaona vitu vyenye umbo la moyo vikihangaika huku na huku. Huyo si wa shaba. Huyo ni wa fomalini.

Fomalini tuliinunua duka la kemikali mjini, na sikuipenda hata siku moja. Macho yaliwasha, glavu zilikuwa lazima, na tulifanya kazi hiyo nje ya paa. Kipimo kilikuwa mililita 1.5 hadi 2 kwa ndoo ya lita 10, nusu saa hadi saa moja, hewa ikichapwa kwa nguvu, kwa kuwa fomalini hupunguza oksijeni majini na samaki yule tayari hana pumzi. Chupa iliyoonyesha masimbi meupe chini ilitupwa bila mjadala. Masimbi hayo ni sumu kali zaidi ya dawa yenyewe. Mwenye kusimamia ndoo hakuruhusiwa kwenda kunywa maji. Samaki akianza kulala upande alitolewa hapo hapo, dakika zimetimia au hazikutimia.

Maji matamu yalikuwa dawa yetu ya bei nafuu kuliko zote, ingawa kwa Mombasa siwezi kuyaita ya bei nafuu bila kuguna. Mfereji ulikuwa ukikauka siku kadhaa, na tulinunua mitungi kwa watu wa mikokoteni kama nyumba nyingine yoyote. Maji hayo yalilazwa usiku kucha yakichapwa hewa ili klorini itoke, yakatiwa magadi kidogo yalingane na bahari kwa ukali, na yakawa na joto lile lile. Samaki aliingizwa kwa dakika tatu hadi tano. Minyoo bapa waliomng'ang'ania machoni na ubavuni, ambao wakiwa hai huwaoni kwa sababu miili yao ni ya kioo, waligeuka weupe wakaanguka chini ya ndoo. Nilipenda kazi hiyo. Ilikuwa matibabu pekee ambayo ungeyaona yakifanya kazi mbele ya macho yako.

Si kila aliyekuwa hoi alikuwa na mdudu. Mpiga mbizi akimpandisha samaki haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa huvimba, naye hufika akiwa amening'inia, mkia juu kichwa chini. Wapiga mbizi wazuri waliitundika chupa ya samaki katikati ya njia, kwenye kamba ya ngalawa, wakamwacha apumzike ndipo waendelee. Wenye haraka walimchoma sindano kuitoa hewa. Sindano ilifanya kazi, lakini isiposafishwa ilileta jipu ubavuni baada ya wiki. Ami alikuwa akiwapokea vijana hao langoni, akimgeuza kila samaki kwenye mwanga kutafuta tundu la sindano, na nilisikia akigombana nao mara nyingi. Sikuwalaumu sana. Walilipwa kwa kichwa, na jua lilikuwa linatua.

Mwaka wa 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe kati ya Machi na Mei, mengi yakafa. Kwetu habari ilifika kupitia matumbo. Vitatange wale wanaokula matumbawe yenyewe waliletwa wakiwa wembamba, mgongo umetokeza, na hakuna dawa katika kabati letu iliyowafaa. Tuliwafungulia chaza, tukawawekea ganda lililo wazi wadonoe nyama ndani yake. Baadhi walijifunza. Tajiri alitaka wapewe mrututu kwa sababu walikuwa wamefifia, na huo ndio ugomvi wa kwanza mkubwa niliouona kati yake na Ami. Ami alishinda kwa kumuuliza swali moja: wewe ukiwa na njaa huenda duka la dawa?

Mwaka wa 2000 ukaleta mgao wa stima nchi nzima. Saa zilipofika pampu zilinyamaza, na kwenye joto la Mombasa tangi lililojaa samaki halina subira. Tulichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, watu wote wa uwanja, karani hadi mlinzi, na mitungi ya wapiga mbizi ikafunguliwa polepole ndani ya yale matangi ya saruji. Mwaka huo nilijifunza kwamba samaki aliyenusurika kukosa hewa usiku mmoja huugua madoa meupe wiki inayofuata. Mdudu alikuwapo siku zote kwa uchache, akingoja mwenyeji achoke.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja tusioutibu kabisa: vinundu vyeupe kwenye mapezi, vya virusi, vibaya kutazama. Havimuui samaki mara nyingi, na akikaa penye maji mazuri vyenyewe huondoka baada ya wiki kadhaa. Wanunuzi hawakuvitaka, na kulikuwa na watu katika biashara hii waliovikata kwa wembe siku ya kufungasha. Ami hakuruhusu wembe uingie uwanjani. Samaki wa vinundu walipewa tangi la pembeni na waliishi humo kwa raha kuliko wenzao wote, maana hakuna aliyewaagiza.

Nikirudi kwa lile kundi la siku ya tano, Ami alikuwa na jibu lake tangu zamani. Katika zile fotokopi kulikuwa na kazi ya Angelo Colorni wa Eilat, ya mwaka wa 1987, iliyoonyesha kwamba unaweza kuushinda ugonjwa wa madoa meupe bila tone la dawa. Unamhamisha samaki kila baada ya siku tatu kwenda tangi safi, mara nne, na lile aliloliacha unalikausha. Mdudu akishuka sakafuni hapati muda wa kupasuka samaki akiwa bado yumo. Dawa yake ni ndoo na kalenda. Ami alitaka kila samaki apitie hivyo, wiki mbili kwa jumla, kabla ya kuuzwa.

Tajiri hakuwa mtu mbaya, naye alijua hesabu yake. Wiki mbili ni chakula, ni maji, ni mishahara, ni matangi mara tatu ya yale tuliyokuwa nayo, na mnunuzi analipa bei ile ile kwa samaki wa siku nne. Hasara ya waliokufa ilikuwa imeshawekwa katika bei. "Ami, nikiwaweka wiki mbili, jirani yangu atauza wake kesho," alisema, na jambo hilo lilikuwa kweli. Walibishana hivyo kwa miaka, kwa adabu, kila faksi ilipofika, na baadaye kila barua pepe.

Kisha ikaja Alhamisi ya tarehe 15 Aprili 2010. Tulikuwa tumefungasha alfajiri mzigo wa London, wengi wao kangaja wa buluu, wazuri, wasio na doa. Mchana redio ikasema mlima wa moto wa Iceland umetapika majivu na anga ya Uingereza imefungwa. Huko bara wakulima wa maua wakaja kutupa waridi. Maboksi yetu yakarudi kutoka uwanja wa ndege jioni, mvua ya masika ikinyesha.

Kijana mmoja mpya alikata mfuko wa kwanza akachukua mpira wa hewa autie ndani. Ami alimkemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Katika mfuko uliofungwa kutwa, hewa ya ukaa inayotoka kwa samaki huyafanya maji kuwa na asidi kidogo, na asidi hiyo huituliza amonia, ikawa haidhuru sana. Ukiufungua na kuchapa hewa, ukaa hutoka, asidi hushuka, na amonia hurudi kuwa sumu mara moja. Kwa hivyo siku ile tulifungua mfuko mmoja mmoja, maji yote yakamwagwa nje, samaki akaingia upesi kwenye maji safi, na tone la maji ya mfuko lisimfuate. Tulimaliza usiku sana. Walikufa wachache, ambao Ami aliwaandika.

Ijumaa anga ilifungwa. Jumamosi ilifungwa. Jumapili asubuhi tulikaa wote wawili mbele ya tangi la kangaja kabla ya stima kuwashwa, nami nikaanza kuhesabu. Sikuhitaji kumaliza dakika. Jumatatu madoa yalikuwa yameenea kwenye mapezi ya karibu kila mmoja, na tajiri aliitwa aje ajionee mwenyewe. Alivaa miwani yake, akainama kwenye kioo.

"Alhamisi walikuwa hawana kitu," alisema.

"Walikuwa nacho," Ami akajibu. "Leo wangekuwa London siku ya nne."

Anga ya Uingereza ilifunguliwa usiku wa Jumanne, tarehe 20. Mnunuzi alitaka mzigo wake siku ile ile. Tajiri alimwambia angoje, na nijuavyo mimi hilo lilikuwa jambo jipya. Tuliwatibu kwa shaba wiki tatu, tukawapoteza kadhaa, na waliobaki wakaondoka mwezi wa Mei. London haikuandika kifo hata kimoja kwa mzigo huo.

Baada ya hapo tajiri alikubali kujenga matangi mengine, machache, nyuma ya chumba cha pampu, na akatoa siku saba kwa kila samaki. Ami aliomba wiki mbili, akapewa saba. Aliniambia saba zinamtosha mdudu aliye kwenye ngozi, hazimtoshi aliye sakafuni, kwa hivyo tukawa tunawahamisha siku ya tatu na ya sita, na tangi lililoachwa linasuguliwa na kuanikwa juani mpaka lilie kwa ukavu. Barua pepe za wafu wa siku ya tano zilipungua sana. Hazikuisha. Kila iliyokuja Ami aliipiga chapa, akaibandika kwenye daftari, na kuipeleka ofisini akidai siku nyingine saba.